Faluda ya Edani

Friji la Shangazi lilihitaji wanaume wanne kulitoa nyumbani. Walilipinda huku wakalipinda kule, wakang'oa mlango wa ukumbini, na hatimaye likatoka barazani likiwa limelala chali, jeupe, miguu imejaa kutu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alilipiga kofi ubavuni akaniuliza kama lilikuwa likifanya kazi. Nikamwambia lilifanya kazi mpaka wiki aliyofariki mwenyewe. Akanitazama kwa huruma, akadhani ni majonzi yanayosema. Friji la umri ule, alisema, halifanyi kazi, linakaa tu.

Kabla hawajalifunga kamba niliufungua mlango wake kuangalia kama kuna kitu kimesahaulika. Ilitoka harufu ya iliki. Rafu ya chini, ile ya plastiki, bado ilikuwa na doa la zambarau, pana kama kiganja, ambalo Shangazi alilisugua kwa ndimu, kwa majivu na kwa kila sabuni iliyopita madukani Malindi, na lisitoke. Nikaomba niachiwe rafu ile. Sasa iko jikoni kwangu Kilifi, naanikia vikombe juu yake, na wageni wakiuliza doa lile ni la nini huwaambia ni hadithi ndefu. Si ndefu hivyo. Ni kwamba inaanza na ujinga wangu, na mtu hapendi kuanzia hapo.

Shangazi Mwanajuma alikuwa dada wa baba yangu, na mumewe, Ami Salim, alikuwa fundi wa mafriji. Mahoteli ya Watamu yalimjua kwa jina. Alikwenda huko na kisanduku chake cha bisibisi, akarudi na vipande vya mafriji yaliyokufa, na kwa vipande hivyo akamuundia mkewe friji moja zima. Friji hilo likiwaka lilinguruma, likatetemesha vyombo kabatini, kisha likatulia. Mimi nililiogopa. Ami Salim aliniambia nisiwe na wasiwasi, linasafisha koo tu, na mpaka leo friji lolote likiwaka mimi husikia mtu akisafisha koo.

Aliliunda kwa sababu ya faluda. Nasema faluda yetu ya pwani, ile inayogandishwa kwenye sahani na kukatwa vipande vya mshazari, si ile ya kunywa kwenye glasi. Maziwa huchemshwa na sukari na zile nyuzi nyeupe za faluda zinazouzwa kwenye pakiti, ambazo ukizishika kavu hudhani ni nywele za mwanasesere, na zikiingia kwenye moto huyeyuka zisionekane tena. Shangazi alikuwa bingwa wa faluda katika mtaa wetu. Mwezi wa Ramadhani watu walituma sahani zao tangu alasiri. Siri yake ilikuwa marashi ya mawaridi, matone mawili, si matatu, yanayotiwa sufuria ikishateremshwa. Ami Salim aliila akiwa amesimama, mlango wa friji uko wazi, na Shangazi akimgombeza kwamba anaimwaga baridi aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Ami Salim alifariki mchana, akiwa kazini. Moyo ulisimama tu. Mimi nilikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele, kwa hivyo ninachokumbuka ni viatu vingi mlangoni, visomo, na mama akinipa mkate mkavu niende nikaule kimya. Nikiwa hapo na mkate wangu nikawasikia wanawake wakiambiana kwamba Mwanajuma ameingia eda. Nikageuka, na kweli nikamwona Shangazi, amevaa nyeupe tupu, anaingia chumba cha ndani, na mlango unafungwa nyuma yake. Sikuhitaji maelezo zaidi. Nyumba huwa na ukumbi, huwa na jiko, huwa na ua, na hii ya Shangazi ilikuwa pia na Eda.

Wakubwa, bila shaka, walikuwa wakisema jambo jingine. Mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki nyumbani ila kwa dharura, hajipambi, hapaki hina wala wanja, hajitii manukato. Kwetu huvaa nyeupe. Siku ya mwisho wanawake wa upande wa mume huja kumtoa: humwosha, humvika nguo mpya, humfukiza udi, na kwa kuja kwao mtaa mzima hujua kwamba amemkalia marehemu kwa heshima. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule hakuna aliyefikiri neno hilo lahitaji kuelezwa, wala mimi sikufikiri nimeelewa vibaya, kwa sababu kila walichokisema kiliingia sawasawa ndani ya chumba changu. Yuko edani. Bado hajatoka eda. Na waliposema eda yake ni nzito, niliukumbuka ule mlango wa mbao.

Mara moja tu nilikaribia kugundulika. Nilimwuliza mama kwa nini nyumba yetu haina eda, na baba atajenga lini. Mama aliuangusha ungo wa mchele. Akasema Mungu apishe mbali, na nisirudie tena kulitamka neno hilo juu ya baba yangu. Nikakata shauri kwamba ni chumba cha gharama kubwa na si vizuri kumsumbua baba.

Shangazi hakujaaliwa watoto, kwa hivyo baada ya watu kutawanyika niliazimwa kwake ili asikae peke yake. Nililala naye kitanda kimoja, nikamletea maji, nikamfungulia wageni mlango, nikakijua chumba kile pembe zote. Wageni wakija aliwapokea humo ndani. Asubuhi, kabla hawajaanza kufika, alitoka akaenda jikoni uani, akafanya kazi zake za nyumba kama mtu yeyote. Hakuwa akisema sana. Lakini niliona kwamba friji likianza kunguruma, popote alipokuwa, aliacha alichokishika akasubiri limalize.

Joto lilikuwa lile la kabla ya masika, la kulaza mtu sakafuni. Friji lilikuwa tupu, limewekewa chupa mbili za maji na ndimu, na siku moja Shangazi alilifungua, akatazama humo kwa muda mrefu, akasema si haki friji la mtu kunguruma bure. Akatoa pakiti ya nyuzi za faluda. Akachemsha maziwa. Alipoyateremsha, mkono wake ulikwenda wenyewe juu ya kabati kwenye chupa ya marashi, ukafika, ukashuka. Akaniambia manukato hayaruhusiwi mpaka atoke eda, hata kwenye chakula yeye hataki kuyasogelea. Nikamkumbusha kwamba pale si Eda, pale ni jikoni. Friji lilianza kunguruma wakati ule ule, na sidhani alinisikia. Angenisikia, hadithi hii isingekuwepo.

Faluda isiyokuwa na marashi aliionja akaiweka chini. Alisema ni maziwa yaliyosimama tu. Asubuhi ya pili yake akaja Mama Kadzo, muuza zambarau kutoka mtaa wa Kisumu Ndogo, ambaye tangu msiba alikuwa akipitia mlango wa uani kila siku, auze asiuze, akae kidogo kwenye kizingiti. Alikuwa na ndoo imejaa, zambarau nono, nyeusi, bado zina umande. Shangazi alichukua moja akaipaka chumvi akaila. Akatema kokwa mkononi, akaitazama kokwa, akaitazama sufuria. Nikajua jambo limeingia kichwani.

Jaribio la kwanza lilitushinda. Alizichemsha zambarau na maji kidogo mpaka maganda yakapasuka, mimi nikazikamua kwenye kitambaa cha kuchujia tui, kokwa zikabaki na maji mazito yakashuka. Akayamimina kwenye maziwa ya moto, na maziwa yakakatika pale pale. Siku ya pili akaacha maziwa. Alichanganya maji ya zambarau na nyuzi zilizoyeyuka, sukari, iliki na chumvi chembe moja ya kuondoa ukakasi, ule unaokauka ulimini kama umelamba ukuta. Akamimina kwenye sahani akaniagiza nisiiguse mpaka ikae. Mimi sikuweza kungoja. Niliibeba ikiwa majimaji nikaitia frijini, friji likasafisha koo, sahani ikateleza, na rafu ya chini ikapata lile doa. Shangazi hakunigombeza. Alisema tumeandika jina letu, basi kazi ianze.

Siku ya tatu akaipata. Chini aliweka tabaka jembamba la zambarau, akaliacha ligande, kisha juu akamimina tabaka la maziwa, jepesi, lenye nyuzi za kuligandisha tu. Ikikatwa, kipande kilikuwa cheupe juu na zambarau chini. Haikukaa tumboni kama ile ya zamani. Iliteleza, baridi, na ukali kidogo mwishoni uliokufanya utake kingine. Ilikuwa imebaki sahani ya mwisho kumiminwa, na mimi nimefukuzwa barazani kwa sababu zambarau nilizokula zilikuwa nyingi kuliko nilizokamua, pale alipotokea Bi Maimuna.

Bi Maimuna alikuwa dada mkubwa wa marehemu, mwanamke mrefu, mwenye buibui lililonyooka, ambaye hata akikusalimu ulihisi umekosa. Nilimwamkia nikambusu mkono.

"Shangazi yako yu wapi?" akauliza.

"Ametoka eda."

Akasimama pale pale ngazini. "Amefanya nini?"

"Ametoka eda," nikarudia kwa sauti zaidi, nikidhani hasikii vizuri. "Tangu asubuhi. Akichoka atarudi."

Hakuniuliza lingine. Alipita ukumbini, nami nikamfuata. Shangazi alikuwa uani, ameketi kwenye kibao, leso yake nyeupe imerukiwa na matone ya zambarau, na midomo yake, kwa kuonja na kuonja tena, imekuwa rangi ile ile iliyokoza. Mama Kadzo alikuwa amemsimulia jambo fulani la mbuzi wake aliyetia kichwa ndooni, na Shangazi alikuwa akicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba. Nilifurahi nikataka Bi Maimuna naye afurahi.

"Nilikuja kukuangalia, Mwanajuma," Bi Maimuna alisema. "Nimekuona."

Akageuka. Shangazi alinyanyuka na mwiko mkononi akimkaribisha wifi yake aonje, lakini mlango wa mbele ulikwisha kufungwa.

Kila Ijumaa, tangu siku ya mazishi, mama yake Ami Salim, Bi Esha, alikuwa akimpelekea mkwewe bakuli la pilau. Ijumaa ile halikuja. Iliyofuata pia halikuja, wala hakuja mgeni yeyote wa upande ule. Shangazi aliosha bakuli la mara ya mwisho, akalifuta, akaliweka mahali pa kuonekana, kama kwamba limesahaulika tu. Kisha mama akaja, akaketi nasi edani, akazunguka maneno kidogo, halafu akayasema. Watu wa kule walikuwa wakieleza kwamba Mwanajuma ametoka eda kabla ya wakati, amejipaka rangi ya mdomo, na amekutwa akicheka. Siku yake ikifika hawaji. Atajitoa mwenyewe, kwa vile amekwisha jitoa.

Shangazi aliugusa mdomo wake kwa vidole viwili. "Zambarau," alisema polepole. Hakulia. Ningependelea alie, kwa sababu uso wake ulikuwa umefunga nisiujue.

Mama alitaka aende mwenyewe akawaeleze. Shangazi akakataa. Mama ni wa upande wetu, angemtetea hata kama ni kweli, na wao wanajua hivyo. Neno la Mama Kadzo wangelisikiliza nusu. Lililobaki ni Shangazi aende kwa miguu yake, mitaa miwili tu, amwangukie mavyaa yake, Bi Esha, amwambie. Na hilo ndilo asiloweza. Angevuka kizingiti kwenda kujitetea kwamba hajatoka eda, angekuwa ametoka eda. Aliyasema haya kwa utulivu, akikunja leso na kuikunjua. Akasema aliishi na Salim miaka kumi na minne, na hakuwa akiogopa maneno ya mtaa, maneno huchoka. Alichokiogopa ni siku ile kufika na kuketi na kungojea, na Bi Esha asije. "Yule ndiye nyama ya Salim iliyobaki," alisema. "Asipoinuka yeye kunitoa, mimi nitakuwa nimemkalia nani?"

Mama alikuwa na hasira ya kutafuta mtu. "Hilo la rangi naelewa, ameona kwa macho yake. Lakini hili la kutoka eda, nani amewaambia?"

"Mimi," nikasema.

Nililisema kwa fahari, kwa sababu lilikuwa swali ambalo nilikuwa na jibu lake. Wote wawili wakanitazama. Mama aliniuliza nilisema nini hasa, nikasema. Akaniuliza kwa nini. Nikaeleza kwamba Bi Maimuna aliuliza Shangazi yuko wapi, na Shangazi alikuwa jikoni, hakuwa humu. Nikakipiga kitanda kofi kuonyesha. Nikauliza, kwani hii si ndiyo Eda?

Kisha Shangazi akajifunika uso kwa leso, mabega yakaanza kutikisika, nami sikujua kama nimemuua au nimemchekesha. Nafikiri hata yeye hakujua. Mama alikuwa amekwisha inua mkono wa kunipiga. Shangazi akaushika. Alisema mtoto huyu asiguswe, na tena asifundishwe lolote, apelekwe hivi hivi alivyo.

Asubuhi iliyofuata akatengeneza faluda sahani kubwa, matabaka mawili, akaizungushia zambarau nzima pembeni. Niliogopa itayeyuka njiani juani. Akacheka akaniambia hii si barafu, hii ikishaganda hairudi nyuma mpaka uirudishe motoni. Mama akaibeba, mimi nikatangulia, nimevalishwa gauni la Idi.

Bi Esha alikuwa kwenye kitanda ukumbini, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Tangu mwanawe afariki alikuwa akila kwa kulazimishwa. Bi Maimuna alikaa miguuni pake, na alipotuona hakuinuka. Mama aliweka sahani juu ya meza akasema hakuja kusema kitu, amemleta aliyesema. Nikasukumwa mbele.

"Shikamoo, Bi Esha."

"Marahaba. Ndiwe uliyesema Mwanajuma ametoka eda?"

"Ndimi. Lakini alikuwa jikoni tu."

"Jikoni. Na hiyo eda iko wapi?"

"Ni chumba cha ndani. Ndimo tunamolala."

Bi Maimuna alifungua kinywa. Mama yake akamwinulia kiganja bila kumtazama. "Hebu nieleze," akaniambia, "humo Eda mna nini?"

Nilikuwa hodari wa kuhesabu vitu. Nikasema mna kitanda, mna msala na msahafu, mna kikapu cha nguo nyeupe. Mna kikoi cha Ami Salim kwenye msumari, ambacho hakifuliwi na mimi nimekatazwa kukigusa. Na bisibisi.

"Bisibisi ya nini?"

"Ya Ami Salim, ya mpini mwekundu. Shangazi huilaza chini ya mto. Friji likianza kunguruma huishika mpaka linyamaze."

Bi Maimuna aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena. Bi Esha aliivuta leso ikamfunika macho, akakaa hivyo kwa muda mrefu, nikadhani amelala, nikamwangalia mama aniambie kama twende. Kisha ile leso ikashuka.

"Nipe hiyo faluda," alisema.

Alikula kipande cha kwanza akikitafutia kosa. Cha pili alikila kimya. Akauliza mbona haina marashi, na mama akamjibu kwamba mwenyewe amesema yuko edani. Bi Esha akatikisa kichwa chake mara kadhaa, akachukua zile zambarau za pembeni, moja, nyingine, nyingine, akizimung'unya na kuzitema kokwa kwenye kiganja. Mtu aliyekuwa akila kwa kulazimishwa alimaliza robo ya sahani. Kisha akamwambia bintiye amletee kioo.

Bi Maimuna alikileta. Bi Esha akajitazama, akatoa ulimi akautazama pia. Ulikuwa mweusi. Midomo ilikuwa imekoza kumshinda bibi harusi yeyote niliyewahi kumwona.

"Basi na mimi nimejipaka rangi," alisema. "Na mwanangu hata nusu mwaka hana kaburini. Maimuna, nenda kawaambie wale uliowaambia."

Bi Maimuna hakuomba msamaha mbele yetu, hakuwa mtu wa hivyo. Lakini alivaa buibui, akaichukua ile sahani kutoka kwa mama, na akatutangulia mpaka kwa Shangazi. Waliingia chumbani wawili wakafunga ule mlango mzito. Mimi niliachwa nje. Nilisikia kilio, halafu kimya, halafu Shangazi akimsimulia habari za mbuzi wa Mama Kadzo.

Siku yenyewe wakaja wote. Bi Esha alikuwa mbele, ameshikwa huku na huku, na leso mpya ameibeba mwenyewe. Bi Maimuna ndiye aliyemwosha Shangazi nywele. Udi ulifuka mpaka barazani, na mwisho Bi Esha akatoa chupa ya marashi ya mawaridi mfukoni mwa kanzu yake akampa mkwewe. Shangazi alijidondoshea kiganjani matone mawili. Ila kwenye faluda hakuyarudisha tena. Tangu siku ile mpaka mwisho wa maisha yake, msimu wa zambarau ukifika, ilikuwa faluda ya edani, na mtaa mzima waliiita hivyo, hata wasiojua kwa nini.

Mimi nilikuwa na swali moja. Nilimwuliza Shangazi, maadamu ametoka Eda, sasa nani atalala humo. Akanivuta mapajani, mikono inanukia udi, akaniambia tutalala humo humo, yeye na mimi, ila kuanzia leo kiitwe chumba.

Miaka mingi imepita tangu hapo. Mwaka juzi mume wangu alinitoka, kwa maradhi yaliyomwacha atuage taratibu, na mimi nikaingia eda katika nyumba yetu ya Kilifi, ghorofa ya pili, chumba chenye dirisha moja. Wanangu walinihudumia vizuri. Nilikuwa nakula nikiambiwa kula. Siku moja adhuhuri nilisikia hodi mlangoni, na mtu akihema kwa ngazi, kisha sauti ambayo ningeijua popote ikamwambia binti yangu kwamba yeye ametoka Malindi, na amesikia nyumba hii ina chumba kinachoitwa Eda, anataka kuonyeshwa.

Nilicheka. Nilijisikia nikicheka nikashtuka, na binti yangu akaja mbio kuona kuna nini.

Shangazi aliingia na sahani imefungwa kwa kitambaa. Magoti yalikuwa yamemwisha, akaketi kitandani kwangu apumue. Alikitazama chumba pembe zote, msala, kikapu, msumari na shati lililotundikwa. Halafu akauelekeza uso kwenye mto wangu.

"Na humo chini mna nini?"

Nikauinua. Ilikuwa miwani ya mume wangu, ile ya kusomea, mkono mmoja umefungwa uzi. Shangazi hakuigusa. Alitikisa kichwa chake polepole, kama Bi Esha siku ile, akanisaidia kuurudisha mto mahali pake. Kisha akafungua kitambaa, akakata kipande cha faluda, cheupe juu, zambarau chini, na pembeni zambarau nzima zimejipanga. Nikamwambia alasiri wanakuja wanawake wa upande wa mume wangu, na rangi ile haitoki midomoni kwa siku nzima.

"Kula, mwanangu," alisema. "Leo mlangoni nakaa mimi."